Tutunze Sukari, Tutunze na Miguu

Mada iliyotolewa na Kamati ya Afya katika sherehe za kikundi kutimiza miaka 10, Ifakara

Miaka 10 si haba. Wenzetu wa hesabu wamekwisha kueleza habari za hisa, mikopo na mgao, nasi Kamati ya Afya tumepewa nafasi ya kusema juu ya mwili unaozitafuta hizo hisa. Tulipokaa kuchagua mada, wapo waliotaka malaria, wapo waliotaka presha. Mwisho tumekubaliana kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tunalo majumbani ila hatulipi jina lake. Nalo ni hili: kisukari kinapomkuta mtu ambaye misuli yake inapungua kwa sababu ya umri.

Sababu ni rahisi. Kikundi kilipoanza, wengi wetu tulikuwa na miaka 50 na kitu. Leo wengi tumepita 60. Sanduku limenenepa, sisi tumekonda. Kila wiki kwenye mkutano tunaona mwenzetu akitaka kuinuka mkekani, mpaka ashike bega la jirani, apumzike, ndipo asimame. Tunacheka, tunasema "uzee huo shoga", halafu tunaendelea na faini za waliochelewa. Jamani, si uzee peke yake. Na si jambo la kuchekwa tu.

BONDE LETU NA MARADHI YAKE

Bonde la Kilombero limejulikana duniani kwa malaria. Watafiti wa Uswisi walifungua maabara yao hapa Ifakara mwaka 1957, nayo ikakua mpaka ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Wengi mnakumbuka mradi wa vyandarua wa miaka ya 1990 katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vile vyandarua vya Zuia Mbu. Wakati ule sisi ndio tuliokuwa na watoto wachanga mgongoni. Tulijifunza kuchovya chandarua kwenye dawa, tukakianika, tukakifunga. Utafiti ulikuja kuonyesha kwamba vyandarua vile viliokoa maisha ya watoto wengi. Watoto wale leo ni watu wazima, na watoto wao wanatuita bibi.

Basi sisi tuliofunika watoto kwa vyandarua tumefika umri ambao maradhi mengine yanabisha hodi. Mwaka 1989 Dokta Donald McLarty na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kisukari katika vijiji 6 vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Waliona kwamba wenye kisukari hawakufika mtu 1 katika kila watu 100. Mwaka 2012 ukafanyika uchunguzi wa kitaifa kwa watu wa miaka 25 hadi 64, na waliokutwa na sukari iliyopanda walikuwa karibu 9 katika kila 100. Namna ya kupima na umri wa waliopimwa havikuwa sawa, kwa hiyo mtu asizitoe namba hizo kama hesabu za dukani. Hata hivyo mwelekeo unaonekana. Kilichokuwa ugonjwa wa kusikia kwa wengine sasa kimekaa nasi jamvi moja.

SUKARI INAKWENDA WAPI?

Tukila wali, ugali, muhogo, ndizi au viazi, chakula kile husagwa tumboni kikageuka sukari, sukari ikaingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, nayo ndiyo inayofungua mlango ili sukari itoke kwenye damu iingie kwenye nyama za mwili. Na ghala kubwa kuliko yote la sukari hiyo ni misuli, hasa ya mapaja na makalio.

Sisi ni wakulima wa mpunga, tunaelewa habari za ghala. Ukivuna magunia 20 na kihenge chako ni cha magunia 5, hayo mengine yatabaki uani yanyeshewe. Sukari nayo ni hivyo hivyo. Ikikosa mahali pa kuingia hubaki kwenye damu, ikaanza kuharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguu.

Sasa, tangu mtu anapofika miaka 30 na kitu, misuli huanza kupungua pole pole. Wataalamu wanakadiria kuwa hupungua asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na mwendo huo huongezeka baada ya miaka 60. Kwetu wanawake, kukoma hedhi huongeza kasi. Mwaka 1989 mtaalamu mmoja wa Marekani, Irwin Rosenberg, alipendekeza hali hiyo ipewe jina lake yenyewe ili madaktari waiangalie. Akaiita sarkopenia, kwa Kigiriki maana yake ni upungufu wa nyama.

Ubaya wa mambo ni kwamba hivi viwili vinasaidiana kumwangusha mtu. Misuli ikipungua, ghala limepungua, sukari inapanda. Sukari ikikaa juu bila kutibiwa, mwili unashindwa kuitumia, unaanza kubomoa nyama zake wenyewe ili upate nguvu. Misuli inapungua tena. Ni kama mtu anayekopa mkopo wa pili kulipia wa kwanza, na wa tatu kulipia wa pili. Sisi wa kikundi tunajua mwisho wa mtu huyo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Iliyo sandukuni ni kweli haiozi. Misuli nayo ni akiba, tuliyoiweka tangu usichana kwa jembe, kinu na ndoo. Lakini akiba hii huoza isipotumika, tena upesi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee wenye afya nzuri waliokubali kulala kitandani siku 10 tu. Katika siku hizo walipoteza karibu kilo 1 ya nyama za miguu. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamelala tu.

KUKONDA SI KUPONA

Hapa tunaomba tusikilizane vizuri. Mama akiambiwa ana sukari, jambo la kwanza analofanya ni kuogopa chakula. Anaacha wali, anaacha ugali, anaacha na maharage, anabaki na uji mwembamba na chai isiyo na kitu. Baada ya miezi kadhaa gauni linampwaya. Majirani wanasema: "Umepungua vizuri, sukari imekubali." Wengine wanasema maneno mabaya, kwa sababu hapa kwetu mtu akikonda hachelewi kusingiziwa. Naye kwa kuona haya anajifungia ndani, hatoki tena.

Akina mama, uzito ukipungua kwa mzee mwenye kisukari lazima tuulize ni kipi kilichopungua. Kama ni mafuta ya tumboni, sawa. Kama ni nyama ya mapaja, hiyo ni hasara. Na mnene naye asijidanganye, maana mtu anaweza kuwa na mwili mkubwa ndani yake mna misuli kidogo. Tena anayepungua haraka bila kukusudia aende hospitali. Huenda sukari haijatulia, huenda kuna ugonjwa mwingine. Mwenye kisukari anakaribia kifua kikuu mara 2 hadi 3 kuliko asiye nacho, kwa hiyo kikohozi cha wiki 2 kisiachwe kwa tangawizi na asali.

Yuko mwenzetu mmoja hapa, ametupa ruhusa tueleze habari zake ila si jina. Amelima mpunga tangu utoto. Alipogunduliwa na kisukari, watoto wake wenye upendo walimwambia: "Mama umelima vya kutosha, sasa pumzika." Wakampa mtu wa kumlimia. Mpunga ukawa wa mashine, kinu kikawekwa pembeni. Maji yakaletwa na mjukuu. Kanisani akawa anapelekwa na bodaboda. Wakamnunulia na kiti cha kochi. Dawa alimeza bila kukosa.

Baada ya miaka 2 hivi akawa hawezi kuinuka chooni. Vyoo vyetu tunavijua, ni vya kuchuchumaa. Akichuchumaa, hainuki mpaka aite mtu. Aibu ikamfanya apunguze kunywa maji mchana, na jioni asile kabisa, ili usiku asiende nje. Mtu anayemeza vidonge vya kushusha sukari, halafu halali na chakula tumboni! Usiku mmoja sukari ilishuka, akatoka akiwa na kizunguzungu, akaanguka mlangoni. Mungu alisaidia, mfupa haukuvunjika.

Alipokwenda kliniki, muuguzi hakutazama daftari la sukari peke yake. Alimwambia: "Mama, hebu simama kwenye kiti bila kushika kitu." Hakuweza. Muuguzi akamwambia tatizo lako sasa ni mawili, na hilo la pili halina kidonge. Dawa zake zikapangwa upya. Akafundishwa kukaa na kusimama, mara 3 kwa siku, kwanza kwa kushika meza, kisha bila kushika. Akaanza kula samaki na maharage tena. Haikuchukua wiki moja, ilichukua miezi. Leo anakwenda chooni mwenyewe, na amekuja hapa kwa miguu yake kutoka ng'ambo ya barabara. Tumpigie makofi, hata kama hatumtaji.

Habari hiyo tumeitoa kwa ajili ya watoto wetu mliokuja kutusindikiza. Upendo wenu ni baraka. Lakini kumpokonya mzee jembe, ndoo, mchi na ufagio vyote kwa pamoja ni kumpokonya miguu. Mpunguzieni uzito wa mzigo, msimwondolee mzigo wote. Aliyebeba ndoo ya lita 20 abebe ya lita 5. Aliyelima ekari 2 alime tuta la mchicha nyuma ya nyumba. Mtembea bure si sawa na mkaa bure.

JIPIME MWENYEWE

Kipimo kipo, wala hakina gharama. Chukua kiti cha kawaida kilichoegemezwa ukutani. Kunja mikono kifuani. Simama wima na ukae, mara 5, upesi uwezavyo, huku mtu akiangalia saa. Ukizidisha sekunde 15, au ukishindwa, miguu imedhoofika na unatakiwa kuchukua hatua. Dalili nyingine ni hizi: kushindwa kukamua nguo nzito, kushindwa kufungua mfuniko uliozoea kuufungua, kutembea polepole hata bodaboda inakukuta katikati ya barabara, na kuanguka. Ukianguka, mweleze daktari, usisubiri kuanguka tena.

CHAKULA

Bonde hili lina mchele mzuri na lina miwa. Hatuwezi kuwaambia watu wa Ifakara waache wali, tutafukuzwa. Tunachosema ni kipimo na mpangilio. Gawa sahani yako: nusu mboga za majani, robo chakula cha kujenga mwili, robo wali au ugali. Anza na mboga na samaki, wali ufuate nyuma. Mpangilio huo husaidia sukari isipande ghafla. Soda, juisi za sukari na chai yenye vijiko 4 viachwe kabisa, isipokuwa pale sukari inaposhuka, na hilo tutalieleza.

Wazee wengi wanakosea kwenye ile robo ya kujenga mwili. Ukweli ni kwamba mzee anahitaji chakula hicho kuliko kijana, kwa sababu mwili wake hauitumii vizuri kama zamani. Wataalamu wanashauri gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mama wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Tuzihesabu kwa vyakula vyetu:

Yai 1 lina gramu 6.
Kikombe cha maharage au kunde zilizopikwa, karibu gramu 15.
Kipande cha kambale, perege au kitoga cha ukubwa wa kiganja, karibu gramu 20.
Glasi ya maziwa, gramu 8.
Konzi ya karanga, gramu 7.

Jumla ni gramu 56. Ukiongeza na kile kidogo kilichomo kwenye wali au ugali, umefika 60. Si lazima nyama ya ng'ombe. Dagaa wakavu ni hazina: konzi moja tu inakaribia kipande cha samaki. Asiye na meno awasage dagaa na karanga, atie kwenye mboga. Kisha vigawanywe asubuhi, mchana na jioni, visirundikwe kwenye mlo mmoja.

Tahadhari moja: aliyeambiwa figo zake zina matatizo asifuate hesabu hii kabla ya kuuliza daktari wake.

Na liko la desturi, lazima tuliseme. Chakula kikipakuliwa, minofu ya samaki wanapewa baba na watoto, bibi anapewa mchuzi. Wakati mwingine bibi mwenyewe ndiye anayemmegea mjukuu kipande chake kwa mapenzi. Mjukuu apate, ndiyo, na bibi apate. Ukimpa mjukuu kipande chako kila siku, kesho ni huyo huyo mjukuu atakayeacha shule akuinue.

MAZOEZI YA NGUVU

Kutembea ni kuzuri kwa moyo na kwa sukari, tuendelee. Lakini kutembea peke yake hakurudishi misuli. Misuli inataka kubebeshwa uzito. Inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu, na faida hiyo huendelea kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana tunashauri mara 3 kwa wiki, bila kupitisha siku zaidi ya 2.

1. Kukaa na kusimama kwenye kiti, mara 8 hadi 10. Pumzika, rudia, mpaka mizunguko 2 au 3.
2. Kushika fremu ya mlango na kunyanyua visigino, mara 10.
3. Kusukuma ukuta kwa mikono miwili, mwili ukiwa umeinama kidogo, mara 10.
4. Kunyanyua chupa 2 za maji. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Ikiwa nyepesi, jaza mchanga.
5. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza, sekunde 10 kila mguu.

Usibane pumzi, hesabu kwa sauti. Mwenye kidonda mguuni, aliyeambiwa macho yake yanavuja damu kwa ndani, au mwenye maumivu ya kifua, aonane na daktari kwanza.

Msiseme tumechelewa. Mwaka 1990 Dokta Maria Fiatarone na wenzake huko Boston, Marekani, walichapisha habari za wazee 10 wa nyumba ya wazee wenye umri wa karibu miaka 90. Kwa wiki 8 waliwafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu. Waliomaliza, nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Kama mtu wa miaka 90 aliweza, sisi wa 60 na 70 tuna udhuru gani?

Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi ajue kuwa mazoezi yanaweza kushusha sukari kupita kiasi. Akiwa na kipimo apime kabla. Ikiwa chini ya 5, ale kitu kwanza. Dalili za kushuka ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, kizunguzungu na maneno kuvurugika. Ikiwa chini ya 3.9, au dalili zipo na kipimo hakuna, koroga vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji, unywe, usubiri dakika 15, upime tena, kisha ule chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Na mzee ambaye sukari yake inashuka mara kwa mara amwambie daktari, kwa sababu kwa mtu dhaifu madaktari huweka shabaha isiyokaza sana. Kuanguka kumoja kunaweza kumgharimu zaidi ya sukari iliyozidi kidogo.

MSIMU WA SHAMBA

Mvua zikianza, nusu ya mji unahamia shambani, kwenye madungu, mpaka mavuno. Hapo ndipo wengi wanapokatika dawa. Kabla ya kuhama, nenda kliniki ueleze, uombe dawa za muda wote utakaokaa. Daraja la mto Kilombero lilifunguliwa mwaka 2018, hatungoji pantoni tena, kwa hiyo aliye upande wa Ulanga asiseme mto umemzuia.

Insulini haitaki joto la bonde letu. Asiye na friji achukue chungu cha udongo, akiweke ndani ya chungu kikubwa zaidi, katikati atie mchanga uliolowa. Insulini ikae ndani kwenye kopo kavu lenye mfuniko, pahali pa kivuli na upepo. Mchanga ulowanishwe kila siku. Isiguse maji, wala isiachwe juani.

Na miguu. Kisukari huua hisia za nyayo. Mtu anachomwa na kisiki kwenye majaruba, hajui mpaka anaona damu. Anaota moto alfajiri, anaungua, hajui. Dokta Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam wamewahi kuandika habari za wagonjwa walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini bila kuhisi. Nasi tunalala na magunia ya mpunga, panya ni wenzetu wa nyumba! Vaa gambuti shambani, kung'uta kabla ya kuvaa, lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri, na kila jioni mwambie mjukuu akukague nyayo kwa tochi. Kidonda kimoja humlaza mtu miezi, na siku 10 za kulala mmekwisha kusikia zinachukua nini.

MAPENDEKEZO YA KAMATI

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba mkutano ujao upokee na kupitisha mambo manne.

La kwanza: kila mkutano, kabla sanduku halijafunguliwa, tufanye yale mazoezi kwa dakika 10. Atakayechelewa atozwe faini kama kawaida.

La pili: katika daftari la hisa iongezwe safu moja ya miguu. Kila baada ya miezi 3 iandikwe kila mmoja amesimama mara 5 kwa sekunde ngapi. Tunaandika shilingi, tuandike na nguvu.

La tatu: mfuko wa jamii utenge fedha ya mashine ya kupimia sukari na vipande vyake, kwa wanachama waliogunduliwa. Kila mtu na sindano yake mpya ya kutobolea. Kushirikiana sindano ni kushirikiana virusi vya UKIMWI na homa ya ini, kwa hiyo hilo ni marufuku, hata kwa dada wa tumbo moja.

La nne: tarehe 14 Novemba ni Siku ya Kisukari Duniani, nayo huja kabla watu hawajahamia shambani. Iwe siku yetu ya kwenda kupima pamoja, kituo cha afya au Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, pamoja na kupanga dawa za msimu. Na wenye miaka 60 na kuendelea tukumbuke kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilielekeza mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Tukaulizie utaratibu kwa ofisi ya kata mapema, tusingoje mtu awe mahututi.

Ndugu Mwenyekiti, miaka 10 iliyopita tulikubaliana kuweka kidogo kidogo, na wapo waliotucheka kwamba hisa za akina mama zitafika wapi. Haba na haba imejaza kibaba, tumesomesha, tumeezeka mabati. Tunaomba nguvu zetu nazo tuziwekee hivyo hivyo, kidogo kidogo, kila wiki, ili mgao wa miaka 10 mingine tuje kuupokea tukiwa tumesimama.

Sasa wote tuliokaa, tukunje mikono kifuani, tusimame mara 5. Katibu, tazama saa.